Kibuyu kinatoa povu badala ya siagi

“Mtaalamu, nilipoolewa nilikabidhiwa kibuyu cha kusukia maziwa, na sasa kinanitoa jasho. Tuko Mbulu, tuna ng'ombe wawili: chotara wa Friesian aliyezaa Desemba, na wa kienyeji aliyezaa Aprili, ndama wake bado ananyonya. Nakusanya maziwa siku tatu, yakifika lita 8 nasuka. Kibuyu chenyewe ni cha kama lita 10. Februari siagi ilitoka kabla ya saa moja kuisha, ila ilikuwa laini mno. Sasa ni Julai. Nasuka kwa muda wa saa mbili na nusu, naambulia povu linalosukuma kizibo. Mama mkwe anasema nitie maji ya moto, jirani anasema maziwa ya chotara hayana siagi. Na ile kidogo niliyopata Juni ilikuwa chungu siku ya nne. Je, ninunue mashine?”

Dada, una matatizo mawili: siagi haitoki, na ikitoka haikai. Yote mawili yanaanza kabla hujashika kibuyu. Mikono hukamilisha tu kazi ambayo joto na ugandaji wa maziwa vimeshaifanya. Visipoifanya, utasuka hadi jogoo awike. Kwa hiyo usijilaumu kwamba una mkono mzito, na usikubali mtu akuambie kibuyu kimetiwa jicho.

Ukiyatazama maziwa kwa hadubini utaona matone ya mafuta yanayoelea, mengi hayafiki upana wa sehemu moja ya mia ya milimita. Kila tone limevaa utando mwembamba unaolizuia kuungana na jirani yake. Kusuka ni kuyagonganisha matone hayo mpaka utando uchanike na mafuta yashikane. Lakini ili yashikane, mafuta ndani ya tone yawe na sehemu ngumu na sehemu laini. Sehemu ngumu hutoboa utando, sehemu laini huwa gundi. Nyuzijoto 10, takriban nusu ya mafuta ya maziwa yameganda. Nyuzijoto 20, ni kama moja ya tano tu. Ukifika 35 hivi, yote yamekuwa mafuta ya maji.

Sasa fikiria Julai ya kwenu. Maziwa yaliyolala usiku mzima kwenye nyumba ya baridi hukaribia nyuzi 12, pengine chini ya hapo. Matone yamekuwa magumu mno kwa maziwa yasiyoenguliwa: yanagongana na kuachana, gundi haitoshi. Unachofanikiwa kuingiza ni hewa, na maziwa mazito ya baridi yanaishika hewa hiyo vizuri sana. Ndiyo povu lako. Februari hali ilikuwa kinyume chake. Maziwa yalikuwa na joto la kupita kiasi, siagi ikaja upesi lakini laini, na sehemu kubwa ya mafuta ikabaki kwenye mtindi, yaani maziwa yanayobaki siagi ikitoka, bila wewe kuiona. Majani mabichi ya msimu wa mvua nayo hulainisha mafuta ya maziwa, na kama ulikuwa unawalisha mashudu ya alizeti, hayo huyalainisha zaidi. Kwenye kiangazi cha mabua makavu mafuta huwa magumu, ndiyo maana joto la kusukia haliwi lile lile mwaka mzima.

Kwa maziwa mgando yasiyoenguliwa malai, kama unavyofanya wewe, lenga nyuzi 18 hadi 20. Tafuta kipimajoto cha maziwa, kile cha kuchovya kama wanavyotumia kwenye vituo vya kukusanyia maziwa. Kwa kazi hii kina faida kuliko mashine yoyote utakayouziwa.

Tuje kwa mama mkwe. Ana haki kwenye wazo: aliona kwamba baridi ndiyo adui. Kosa liko kwenye maji ya moto yenyewe. Ukiyamimina ndani ya kibuyu, mahali yanapoangukia mafuta huyeyuka kabisa na maziwa hukatika kuwa chembe ngumu, huku upande wa pili bado ni baridi. Utapata siagi iliyochanganyika na mabonge ya jibini, na hayo ndiyo yanayooza kwanza. Pasha kwa nje. Na usipashe kibuyu, kwa sababu ganda lake halipitishi joto upesi. Mimina maziwa mgando kwenye sufuria, ikalishe ndani ya beseni la maji ya nyuzi 30 hivi, yaani uvuguvugu hafifu sana, ukoroge polepole hadi kipimajoto kisome 19. Suuza kibuyu kwa maji ya uvuguvugu huo huo ili kisiyapoze tena, kisha mimina. Februari fanya kinyume: suka alfajiri, na ukifunge kibuyu kitambaa kilicholowa maji.

Jirani naye kasema nusu ya kweli. Maziwa ya Friesian yana mafuta kama asilimia 3.5, ya ng'ombe wa kienyeji mara nyingi hupita 4.5. Kwa lita moja, wa kienyeji anashinda. Lakini lita 10 za chotara zina mafuta gramu 350 na zaidi, na lita 3 za kienyeji hazizidi sana gramu 150. Siagi imo. Kinachokusumbua kwa chotara wako ni kwamba ana miezi saba tangu azae. Kadiri ng'ombe anavyoelekea mwisho wa kukamuliwa, matone ya mafuta huwa madogo zaidi, na matone madogo hayagongani kwa nguvu ya kutosha kuchana utando. Maziwa yake ya Januari na ya Julai yanatoka kwenye kiwele kimoja, ila kwenye kibuyu hayafanani.

Kuna kitu kingine ambacho hukuuliza, na pengine ndicho kinachokula siagi yako zaidi ya vyote. Ndama ananyonya lini? Wengi humwachia ndama mwanzo kidogo ili maziwa yashuke, humkamua mama, kisha humrudisha ndama amalizie. Maziwa ya kwanza kutoka huwa na mafuta machache, asilimia 2 au pungufu. Ya mwisho kabisa, yale ya kukausha kiwele, yanaweza kupita asilimia 7. Ina maana wewe unabeba maziwa mepesi nyumbani na ndama anabaki na malai. Mwache ndama aanze kwa dakika moja ili maziwa yashuke, mwondoe, kisha kamua chuchu tatu hadi zikauke na umwachie ya nne nzima, ukibadilisha chuchu kila siku. Usimnyime ndama ili upate siagi. Ndama aliyedumaa atakugharimu kuliko kijiko cha siagi. Mnagawana tu kwa haki.

Kiasi. Lita 8 ndani ya kibuyu cha lita 10 ni nyingi mno. Maziwa yanatakiwa yaanguke na kupiga ukuta wa kibuyu, na hayaanguki kama hayana nafasi. Usizidishe nusu: lita 4, au 5 kwa kukazana. Ni bora kusuka mara mbili kwa dakika arobaini kuliko mara moja kwa saa tatu.

Na ugandaji wenyewe. Maziwa mabichi matamu yakisukwa yote bila kuenguliwa hutoa siagi kidogo sana. Asidi ndiyo inayodhoofisha ule utando. Kwako maziwa ya siku tatu yanachanganywa, na nina wasiwasi kwamba ya asubuhi unayatia kisha unasuka mchana. Mafuta ya maziwa hayo mapya hayatatoka, yataishia kwenye mtindi. Ya mwisho yaingie angalau siku moja kamili kabla ya kusuka, na katika baridi hii siku moja na nusu. Bakteria wazuri wa kugandisha wanapenda nyuzi 22 hadi 25. Chini ya 15 wanasinzia, na wanaopenda baridi, wale wanaoleta uchungu, wanachukua nafasi. Kiweke chombo karibu na jiko, kizungushie blanketi. Maziwa yaliyo tayari yameganda sawasawa, yana uchachu safi unaokaza ulimi, na hayajatengana maji na bonge.

Hapa lazima nikukatize kidogo kuhusu usalama. Kama unasuka maziwa yasiyochemshwa, uchachu hauui vya kutosha vijidudu vya ugonjwa wa kutupa mimba, wala vya kifua kikuu cha ng'ombe. Vinaweza kubaki hai kwenye siagi na kwenye mtindi mnaokunywa. Chemsha kwanza. Mwenye kipimajoto na ashike nyuzi 63 kwa dakika 30. Asiye nacho ayafikishe kwenye mchemko, ayakoroge ili malai yasishikane juu, kisha aepue. Poza upesi kwenye beseni la maji baridi hadi nyuzi 25. Kwa kuwa mchemko umeua na bakteria wazuri, lazima utie mbegu: vijiko vikubwa viwili vya mgando mzuri kwa kila lita, uliotengenezwa na maziwa yaliyochemshwa pia, vinginevyo umerudisha ulichokiua. Kila siku unapoongeza maziwa, yawe yamechemshwa na kupozwa. Watu husema maziwa yaliyochemshwa hayatoi siagi. Hutoa, asiyetia mbegu ndiye anayekosa.

Kusuka kwenyewe sasa. Laza kibuyu mapajani juu ya kitambaa kilichokunjwa, au kining'inize kwa kamba, ukipeleke na kurudisha kwa mwendo wa kubembeleza mtoto, kama mara moja kwa sekunde. Nguvu haisaidii. Baada ya dakika mbili fungua kizibo utoe hewa, rudia baada ya tano, kwa sababu mgando hutoa gesi na ndiyo inayosukuma kizibo chako. Mwanzoni utasikia mlio wa maji. Kisha mlio unafifia, kibuyu kinakuwa kama kimejaa sufi: hapo povu limeshika, na wengi ndipo wanapokata tamaa. Endelea. Kama joto liko sawa, kati ya dakika ya 30 na ya 60 mlio hubadilika ghafla, unasikia maji yanapiga tena na kitu kizito kikigonga ukuta. Chungulia kizibo: kilichokuwa kimepakwa malai sasa kina chembe za njano na katikati ni kweupe. Tia nusu lita ya maji baridi yaliyochemshwa yakapozwa, zungusha kibuyu polepole dakika tano ili chembe zikusanyike, zikifika ukubwa wa punje za mahindi acha. Ukizidi hapo unafungia mtindi ndani ya siagi.

Ikifika dakika ya 60 na bado ni povu tupu, acha. Pima joto. Mimina nusu ya maziwa nje, rudisha yaliyobaki kwenye nyuzi 20, yapumzike robo saa, anza tena. Yakikataa mara ya pili, kunyweni kama mtindi. Mafuta yamo humo humo, hayajapotea.

Ujue pia cha kutegemea. Lita 8 za maziwa yako mchanganyiko, zikisukwa vizuri, zitakupa siagi ya robo kilo hadi gramu 300. Anayekuahidi kilo kwa lita hizo anakuuzia kitu.

Uchungu wa siku ya nne una wazazi kadhaa. Wa kwanza ni kimeng'enya kilichomo ndani ya maziwa yenyewe, kinachovunja mafuta na kuacha ladha chungu kama ya sabuni. Huwa na nguvu zaidi kwa ng'ombe aliye mwishoni mwa kukamuliwa, kama chotara wako, na kuchemsha maziwa hukimaliza. Wa pili ni mtindi uliobaki ndani ya siagi. Chuja siagi kwenye chekecheo, itie kwenye bakuli, mimina maji baridi yaliyochemshwa kiasi sawa na mtindi ulioutoa, kandamiza kwa mwiko wa mbao, mwaga. Rudia mara mbili au tatu mpaka maji yatoke maangavu kama ulivyoyatia. Kisha ikande mpaka isidondoshe tena matone, utie chumvi safi: kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa gramu 300. Ihifadhi kwenye chombo cha kioo au cha bati la enameli, gizani, kimejaa hadi juu.

Mzazi wa tatu ni kibuyu. Siagi inanata kwenye vinyweleo vya ganda na nyufa za shingoni, na ya wiki iliyopita inaambukiza ya leo. Kisuuze kwanza kwa maji baridi, kwa kuwa ya moto huyapika maziwa yakagandia ndani. Halafu maji ya moto na burashi ya shingo ndefu, mara mbili, kisha kianikwe juani mdomo ukiwa chini hadi kikauke kabisa. Kufukiza kwa kijinga cha mzeituni mwitu ni desturi yenye maana: moshi hukausha, huzuia vijidudu, na hupunguza kasi ya mafuta kuvunda. Ila ni kidogo tu, masizi yapanguswe, na fukiza kibuyu cha kusukia, siyo chombo unachogandishia, kwa kuwa moshi huo huo unawachelewesha bakteria wa mgando. Kibuyu chenye ufa kipe kazi ya kuwekea mbegu za maboga.

Bila friji, hata siagi iliyooshwa vizuri ni ya siku chache. Ukitaka ya miezi, geuza samli. Yeyusha kwenye sufuria nzito kwa moto mdogo. Itatoa povu na kutatarika maji yanapotoka. Mlio ukinyamaza na vichembe vya chini vikawa rangi ya kahawia hafifu, epua palepale, chuja kwa kitambaa kikavu. Gramu 300 zitakupa kama 240. Siagi iliyokwisha kuwa chungu usiipeleke huko kwa matumaini; moto hauondoi uchungu wake.

Mashine? Ya kutenganisha malai kwa kuzungusha mkono ni nzuri, ila inataka maziwa ya kukamuliwa muda huo huo yenye joto la mwili, na kwa nyumba isiyopata lita 20 kwa siku utaosha vyuma vyake kuliko utakavyoitumia. Kwako usinunue. Kuna njia ya kati ambayo baridi ya Julai inaisaidia sana: baada ya kuchemsha na kupoza, acha maziwa matamu kwenye sufuria pana mahali pa baridi saa 24, engua malai yaliyopanda juu, yakusanye, yagandishe kwa mbegu, kisha suka hayo peke yake. Malai yana mafuta mengi kwa pamoja, kwa hiyo yanasukwa baridi zaidi, nyuzi 12 hadi 16, na hutoa siagi kwa dakika 15 hadi 30 hata kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko. Maziwa yaliyobaki yanagandishwa ya kunywa. Hasara ni kwamba sehemu ya mafuta haitapanda juu, na mtindi mtamu wa kibuyu utaukosa. Kama mtindi huo ndio chakula cha watoto wako, mimi ningebaki na kibuyu.

Mambo mengine hayamalizwi kwa maandishi. Maziwa yakiwa na mabonge, damu au ladha ya chumvi, au kiwele kikiwa cha moto, ni ugonjwa wa kiwele; mwite daktari wa mifugo, na maziwa hayo yasiingie kibuyuni. Maziwa yasipoganda kabisa baada ya siku mbili za joto, uliza kama ng'ombe alichomwa dawa, kwani mabaki ya antibayotiki huua mbegu yako, na muda wa kusubiri aliokupa daktari ni wa kuheshimu hata kama unauma. Ng'ombe akitupa mimba, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo na usishike kondo kwa mikono mitupu. Nyumbani, mtu mwenye homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo aende kituo cha afya, na amwambie mhudumu kwamba mmekuwa mkinywa maziwa yasiyochemshwa. Bila kusema hivyo huenda akapimwa malaria tu na kurudishwa.

Kwa wiki hii, usichanganye maziwa ya ng'ombe hao wawili. Gandisha kila moja peke yake, kisha suka lita 4 za kila moja kwa nyuzi 19, siku moja, kwa kibuyu kimoja kilichooshwa katikati. Ya kienyeji yakitoa siagi na ya chotara yakigoma, ujue joto umelipata na kilichobaki ni umri wa maziwa: ya chotara yawe ya kunywa na kugandisha, naye umkaushe miezi miwili kabla ya kuzaa tena. Yote mawili yakigoma, angalia kipimajoto chako kwanza, kisha kama ndama hajaendelea kumaliza kiwele.